Mwaka Niliolala Chumba Kimoja na Mke Mchafu

Baba Imani alinipigia simu siku ya Jumanne, saa ya chakula cha mchana, nikiwa nimekaa ndani ya gari nje ya ofisi na bakuli la githeri mapajani. Hakusalimia. Alisema, "Kezia, Mama ametuacha," halafu nikasikia bomba likifunguliwa upande wake na mikono ikioshwa polepole, jinsi anavyoiosha akiwa na mawazo. Mama yake, Shosho Tabitha, yaani Bibi Tabitha kwetu sote, alikuwa amefariki huko Nakuru, akiwa na miaka tisini hivi, ambayo hata yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na uhakika nayo. Hakuumwa. Alimaliza chai, akasema anajinyoosha kidogo, basi. Nilimpa pole, naye akashukuru, kisha akaeleza kwa nini alinipigia mimi kabla ya watu wengi walio karibu naye zaidi. Nyumbani walikuwa wametuma wasifu wa marehemu wa kusomwa Jumamosi, kwenye ibada ya kumkumbuka huku Texas, na wasifu huo ulisema kwamba mama yake alikuwa mkulima, muuza mboga na muumini mwaminifu. "Si uwongo," alisema. "Lakini wewe ndiye ulikaa naye chumba kimoja. Andika vile ilikuwa."

Ijumaa nilitoka Missouri City asubuhi, nikaipita Houston kabla ya msongamano, na pale Ennis nikaiacha barabara ya Dallas na kushika ile ya kwenda Mansfield, ambako Baba Imani alihamia alipostaafu uuguzi. Kwenye kiti cha pembeni nilikuwa na vitu viwili: daftari la kijani lenye uti uliofungwa kwa gundi ya karatasi, na kifaa kidogo cha kuhifadhia picha, ambacho ndani yake mna filamu ya dakika kumi na mbili isiyo na sauti. Kazi yangu ni kuandika habari za watu wengine. Nimewaandika madaktari, wachungaji, wakimbizi wa Burundi waliofungua maduka, na mwanamke mmoja aliyepika chapati za harusi tatu kwa siku moja. Lakini kila ninapoulizwa nilijifunzia wapi kazi hii, hutaja chuo, kwa sababu ndicho kinachotarajiwa, huku moyoni nikijua kwamba nilijifunzia katika chumba chenye vitanda viwili na meza ya kupigia pasi katikati, nyumbani kwa Baba Imani, Richardson, karibu na Dallas, mwaka niliokuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja.

Nilikuwa nikisomea uhasibu, na nilikuwa mpangaji wao. Baba Imani na Mama Imani walikuwa wauguzi wote wawili, wakipishana zamu kiasi kwamba kuna wiki walizungumza zaidi kwa vikaratasi vya kwenye friji kuliko kwa mdomo. Imani alikuwa na miaka sita, na mwezi Agosti akazaliwa mdogo wake. Ndipo nikaambiwa, kwa heshima lakini bila kuulizwa, kwamba mama yake Baba Imani anakuja kutoka Kenya kulea mtoto, na kwamba atalala chumbani kwangu. Ndivyo tulivyoishi wengi wetu miaka ile: mtoto akizaliwa, nyanya huletwa, uwanja wa ndege humgongea muhuri wa miezi sita, na akipendwa sana huombewa mingine sita. Shosho Tabitha alipendwa sana, kwa hiyo alikaa mwaka.

Nieleze kwanza usafi wa nyumba ile, kwa sababu bila huo hadithi yenyewe haina miguu. Viatu viliachwa gereji. Mikono ilioshwa hadi kwenye viwiko, na Imani alijua kuhesabu hadi thelathini kwa sababu ndivyo sabuni ilivyotakiwa kukaa. Jikoni kulikuwa na vitambaa vya rangi tatu, na ole wako ukifutia meza kile cha sinki. Barua na vifurushi vilipanguswa kabla ya kufunguliwa. Na katika kila chumba, pamoja na chetu na choo cha wageni, palikuwa na msumari ukutani, na kwenye msumari huo palining'inia kiua nzi cha plastiki chenye mpini mrefu. Texas haina nzi wengi ndani ya nyumba, si kwa jinsi madirisha yalivyofungwa daima kwa ajili ya kipoza hewa. Lakini siku nzi mmoja alipoingia wakati wa chakula, Baba Imani aliweka uma chini, akasimama, na hakuketi tena mpaka alipomuua, akamkunja ndani ya karatasi, akampeleka nje kwenye pipa la uchochoroni. Ugali ulipoa. Mama Imani aliendelea kula bila kuinua macho. Nilidhani ni tabia ya wauguzi.

Shosho alipofika, mwanamke mwembamba mrefu aliyevaa sweta mbili katika joto la Agosti, alitembezwa nyumba nzima. Nilimwona akikitazama kiua nzi cha sebuleni, kisha cha jikoni, kisha cha barazani. Kufikia chumbani kwetu alikuwa akitabasamu. Akakitoa kwenye msumari, akakigeuzageuza, akakirudisha. "Josphat," akamwambia mwanawe, "huku wanakusumbua pia?" Baba Imani akajibu kwamba kitanda cha dirishani ndicho chake, na kwamba maji ya moto yako kushoto.

Wiki za kwanza tulizungumza mambo ya kawaida. Alipika, nami nikala kama mtu aliyetoka kufunga. Alichukua yale majani mapana ya dukani ambayo sote tuliyaita sukuma kwa kukosa jina jingine, akayakatakata nyembamba kama nyuzi, na yakawa sukuma kweli. Jumamosi ilikuwa ya chapati. Chai aliichemsha ndani ya sufuria, maziwa na majani pamoja, akaikataa katakata ile ya kikombe na kifuko. Halafu alasiri moja nilirudi kutoka darasani na kabla sijavua viatu nikasikia wageni jikoni. Walikuwa wanne. Mwanaume mkali akiuliza nani ameacha lango wazi, mwanamke mwenye sauti laini akimtuliza, mzee aliyekohoa katikati ya kila neno, na mlevi mmoja akitafuta kofia yake. Nilisimama pale gereji, nikajipanga nywele kwa vidole, nikaingia kwa adabu. Jikoni palikuwa na Shosho akimenya viazi, na mtoto kwenye kiti chake kirefu, akimtazama kwa mdomo wazi.

"Shikamoo, Shosho. Wageni wako wapi?"

"Wageni gani?"

"Nimesikia watu."

Alicheka mpaka akaweka kisu chini na kujipangusa macho kwa aproni. "Wameondoka kupitia dirishani," akasema. Kisha, kwa sauti ya yule mlevi, bila kubadilisha uso hata kidogo: "Lakini kofia yangu bado iko, mama, naomba mnitafutie."

Siku hiyo ndipo nilipoanza daftari la kijani. Lilinunuliwa kwa ajili ya hesabu za ushuru wa mapato, na kurasa nne za mwanzo bado zina hesabu hizo. Nilikuwa na mbinu moja tu, ambayo sijui niliipata wapi: swali muhimu niliuliza mara mbili, kwa siku tofauti, nione kama jibu litabadilika. Majibu ya Shosho hayakubadilika, ila idadi ya nzi wa filamu nitakayoifikia. Alianza jukwaani Pumwani, Nairobi, katika ukumbi wa jamii, akiwa msichana wa miaka kumi na minane. Aliingia badala ya mwingine aliyepatwa na tetekuwanga siku mbili kabla ya onyesho. Alijua maneno ya wote kwa sababu alikuwa akiwapigia pasi nguo wakati wakifanya mazoezi. Baadaye kundi lao likawa linasafiri kwa treni, Nakuru, Kisumu, Mombasa, na yeye akawa ndiye watu waliokuja kumtazama. Aliigiza wakwe, wagonjwa, malkia mmoja, na mara mbili karani wa kiume. "Watu wakicheka," aliniambia, "usiwangoje wamalize. Wangoje wakaribie kumaliza. Hapo ndipo unaweka neno." Nimeandika miaka mingi sasa na sijapata ushauri ulio bora kuliko huo.

Kisha ikaja filamu. Idara ya serikali ya kikoloni ilikuwa ikitengeneza picha fupi za kufundisha watu kilimo, malezi na afya, ambazo zilizungushwa vijijini kwa gari lenye mashine na shuka jeupe. Shosho aliigiza katika tisa kati ya hizo. Zilipigwa bila sauti. Midomo ilichezacheza kwenye shuka, na kando ya gari alisimama mwanaume mwenye kipaza sauti, akisema maneno ya kila mtu kwa lugha ya mahali pale.

"Nimesema Kiluo mimi," Shosho aliniambia tukikunja nguo za mtoto. "Nimesema Kikamba, Kinandi, Kimeru. Lugha ambazo sizijui mpaka leo. Na zote kwa sauti ya dume."

"Hukuwahi kujisikia mwenyewe?"

"Ningejisikia wapi? Wakati mmoja nilikaa nyuma ya watu huko Machakos, nimejifunika leso, nijitazame. Yule bwana wa kipaza sauti alikuwa na mafua. Kwa hiyo siku hiyo hata mimi nilikuwa na mafua."

Filamu iliyozunguka kuliko zote ilikuwa ile ya nzi. Wanawake wawili majirani, Mke Safi na Mke Mchafu. Mke Safi alikuwa mwalimu mwenye meno mazuri. Shosho akapewa uchafu, kwa sababu, kama alivyoambiwa na Mzungu wa kamera, uso wake ulikuwa unatii. Nzi waliletwa kwa mkebe kutoka kichinjioni, wakafunguliwa, wakaruka wote wakaenda zao. Mara ya pili wakapaka sukari guru kwenye vyombo, kwenye kizingiti, na kwenye uso wa mtoto aliyempakata. Ndipo wakakaa. Afisa wa afya anapita, anatikisa kichwa, anaenda kwa Mke Safi kunywa chai. Mtoto wa Mke Mchafu anaugua. Mwisho.

Na watu wakaamini. Hili ndilo nililoliuliza mara tatu, si mbili, kwa sababu sikutaka kulikubali. Watu ambao hawakuwa wameona filamu nyingine walimwona mwanamke yule kwenye shuka, na walipomkuta sokoni Nakuru, ambako alikuwa ameolewa na alikuwa na meza yake ya mboga, walimjua. Hawakusema huyu ameigiza. Walisema huyu ndiye. Wanawake walipita meza yake wakaenda ya pili. Mmoja alimletea kipande cha sabuni, kwa wema kabisa, akamwekea mkononi na kumwambia Mungu atamsaidia.

"Ukafanya nini, Shosho?"

"Nikaipokea. Ilikuwa sabuni nzuri."

Yeye aliicheka. Aliyeshindwa kucheka ni Josphat. Gari lile lilipofika shuleni kwao alikuwa na miaka tisa. Mama yake alipoonekana kwenye shuka, watoto wakapiga kelele kwa furaha ya kumtambua, naye akakimbia kabla hajaona zaidi ya hapo. Kuanzia kesho yake jina lake likawa Nzi. Alifika nyumbani, akamwambia mama yake aache. Shosho akaacha, filamu, jukwaa, treni, vyote, bila kubishana, na hakupanda jukwaani tena. Aliponieleza haya alikuwa akipaka mafuta miguu, kitandani, na sauti yake ilikuwa ileile ya kueleza bei ya viazi. "Hajawahi kuniona," akasema. "Malkia hakumwona, karani hakumwona. Nataka kabla sijarudi anione mara moja tu. Ile ya nzi."

"Kwa nini hiyo, na ndiyo iliyomuumiza?"

"Kuna kitu chake mle ndani."

"Kitu gani?"

"Wewe si ndiye mwandishi? Ngoja uone."

Nilikuwa mwanafunzi wa uhasibu. Hakuna aliyewahi kuniita mwandishi, na neno hilo lilinifanya nifanye kosa. Wiki mbili kabla yake nilikuwa nimeyasikia, kupitia ukuta wa jikoni, mazungumzo ambayo hayakunihusu. Wanawake wa kanisa walitaka kuja kumwona Shosho, na Mama Imani alisema, "Si uwaambie tu alikuwa mwigizaji? Watu wangefurahi."

"Niwaambie ati alikuwa nani? Mke Mchafu?"

"Josphat, hiyo ni miaka mingapi?"

"Wewe hukuitwa Nzi." Kisha bomba likafunguliwa.

Kwa hiyo nilijua. Hata hivyo nilikwenda maktaba ya chuo, nikatafuta anwani ya hifadhi moja ya filamu za zamani huko Ulaya, nikawaandikia barua ya kurasa mbili yenye maelezo yote: wanawake wawili, nzi, afisa wa afya mwenye kofia. Nilitumia anwani ya nyumbani. Miezi ikapita, Shosho akaombewa miezi sita ya pili, mtoto akaanza kutambaa, nami nikaisahau barua yangu. Kisha mwezi Juni nikarudi nyumbani nikamkuta Baba Imani mezani, kitambaa cha vifurushi mkononi, na mbele yake kanda ya video iliyoandikwa ubavuni jina la filamu.

"Uliniomba ruhusa?"

"Hapana, Baba Imani."

"Unakaa kwangu. Unakula kwangu. Halafu unaandikia watu barua kuhusu mama yangu."

Kila alichosema kilikuwa kweli. Akaichukua kanda, akaiweka juu ya friji, nyuma ya boksi la glavu. Ikakaa pale wiki tatu. Hakunifukuza, na hakunisemesha pia. Nilikunywa chai yangu nikiwa nimesimama. Shosho aliiona kanda ile kila alipofungua friji, hakuigusa, na hakunilaumu, ingawa zilikuwa zimebaki wiki nne arudi Kenya, na usiku nilimsikia akigeuka kitandani.

Jumapili moja tulikuwa tukila, wali na kuku, wote tukiwapo kwa mara moja adimu. Shosho akaweka kijiko chini.

"Josphat. Nimekaa kwako mwaka. Nimekuomba nini?"

"Hujaomba kitu, Mama."

"Sweta niliomba?"

"Hapana."

"Basi naomba dakika kumi na mbili."

Imani akauliza, "Twelve minutes for what?" Baba Imani alimaliza kuku wake. Alinawa. Akaifuta kanda kwa kitambaa ambacho si cha sinki wala cha meza, akaiingiza kwenye deki. Pakatokea mistari na chengachenga, vikapanda na kushuka, basi. Kanda za Ulaya hazikusomeka kwenye deki za Marekani. Sikulijua hilo, na nilitamani sakafu inimeze. "Kwanza sauti," Shosho akasema, akiitazama ile mistari, "sasa na sura wamechukua." Mama Imani akaangua kicheko. Baba Imani alikuwa amepata sababu nzuri ya kuirudisha juu ya friji, na sote tulikuwa tunajua. Lakini Jumatatu, kabla ya zamu, akaendesha mwenyewe hadi dukani kwa Mpakistani mmoja, jirani na bucha ya halali, aliyekuwa akigeuza kanda za harusi kutoka Karachi ili zisomeke huku. Jumatano akanituma nikaichukue. Yule bwana alinikabidhi kwa uso wa huruma. Akaniambia ameitazama yote, na kwamba katika miaka yake ya kazi hajaona harusi ya huzuni namna ile.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, tulivuta mapazia. Shosho hakuvua nguo zake za ibada. Alisimama kando ya televisheni, upande wa kulia, pale anapopaswa kusimama mtu wa kipaza sauti, na mkononi alishika mwiko. Baba Imani aliketi kwenye kochi kama mtu anayengojea majibu ya maabara. Picha ikatokea, ya kijivu, yenye mikwaruzo. Na Shosho akaanza.

Sijui nieleze vipi. Alikuwa Mke Safi mwenye meno mazuri, alikuwa afisa wa afya aliyeongea kwa puani, alikuwa mume anayerudi shambani, na kila neno lilikaa juu ya midomo kama kifuniko juu ya sufuria yake. Imani aliacha kuchezea soksi. Kisha kwenye kioo akatokea msichana mrefu ameketi kizingitini, mtoto mapajani, mavumbi, vyombo, nzi. Yule wa kipaza sauti, Shosho aliniambia, hapo alikuwa akisema: tazameni mwanamke mvivu. Lakini Shosho akashusha mwiko, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ya chini, isiyo na haraka:

"Nimeenda mtoni mara tatu tangu asubuhi, na maji yameisha. Mtoto ana homa. Nikimweka chini analia. Bwana afisa, naona mikono yako ni safi. Maji ya kunawa uliyateka mwenyewe?"

Kwenye picha afisa alitikisa kichwa, akaenda zake. Kamera ikasogea kwa mtoto. Nzi walikuwa kwenye shavu, kwenye kope, pembeni mwa mdomo. Msichana alitazama mbele, uso mtupu, mzito, uso unaotii. Ikakaa hivyo, muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Halafu mkono wake ukainuka. Ulitoka chini ya picha, haraka, ukapita juu ya uso wa mtoto ukawafukuza wote, ukabaki pale umemkinga macho. Macho ya msichana hayakusogea. Bado yalikuwa ya Mke Mchafu. Mkono tu ndio ulikuwa wa mtu mwingine.

"Hapo," Shosho akasema.

Baba Imani alikuwa ameinama mbele. "Huyo mtoto ni wa nani?"

"Wangu. Alikuwa na miezi minane. Walitaka kuazima wa jirani, nikasema nikipaka mtoto wa mtu sukari guru nitamwambia nini mama yake? Nikamchukua wangu. Bwana wa kamera alinipigia kelele, mwache, mwache, usimguse. Nilimsikia. Nilimsikia vizuri sana."

"Na hawakurudia?"

"Warudie na nini? Nzi walikuwa wameisha."

Filamu ilifika mwisho, na deki ikajizima yenyewe. Baba Imani alitoka kwa mlango wa nyuma, akasimama uchochoroni karibu na pipa. Nilimwona kupitia upenyo wa pazia, mikono kiunoni, akitazama ukuta wa jirani. Mama Imani aliinjika chai. Ilipochemka Baba Imani aliingia, akanawa, akaketi safari hii kwenye zulia, karibu na miguu ya mama yake, na akauliza kama mtu aliyekuwa akiliwaza jambo hilo kwa makini: "Mama, yule afisa, kwani aliteka?"

"Ateke wapi! Alikuwa karani wa idara. Hata ndoo hakuijua."

Walicheka wote wawili, kicheko kimoja, nami nikaona kwa mara ya kwanza kwamba walikuwa na meno yanayofanana. Niliketi na chai yangu, na hakuna aliyeniambia nisimame.

Shosho alirudi Kenya kwa tarehe iliyoandikwa. Muhula uliofuata niliacha uhasibu, nikamweleza baba yangu kwa simu ndefu ambayo ni sura nyingine. Nilikaa kwa Baba Imani mwaka mmoja zaidi. Siku ninahama nilipita vyumba vyote nikitafuta vitu vyangu, na nikagundua kwamba misumari ilikuwa mitupu, ila ule wa jikoni.

Jumamosi, Mansfield, nyumba ilijaa. Viatu, ishirini na kitu, vilipangwa gereji. Wanawake wa kanisa walileta pilau, na mwenyekiti wao, Mama Wangeci, alikuwa amejipa kazi ya kuhakikisha hakuna mtu anayekosa kiti. Nilisoma wasifu niliouandika usiku uliotangulia kwenye meza ya jikoni. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba Tabitha alikuwa mwigizaji wa jukwaa na wa filamu. Nilisikia viti vikisogezwa. Mkulima na muuza mboga walifuata baadaye, mahali pao.

Kisha tukaionyesha filamu, kwenye televisheni kubwa ya ukutani, mapazia yakiwa yamefungwa kwa sababu jua la saa tisa lilikuwa kali. Nilikuwa nimepanga kusoma maneno ya Shosho kutoka daftari langu, na nilikuwa tayari nimelifungua. Lakini Baba Imani alitoka jikoni na mwiko. Akaenda akasimama upande wa kulia. Yeye ni mzee sasa, goti moja halikunjiki vizuri, na sauti yake haina ujanja wowote. Mke Safi, afisa na mume walikuwa mtu mmoja, naye ni Josphat. Lakini alipofika kizingitini aliishusha sauti, akasema, "Nimeenda mtoni mara tatu tangu asubuhi, na maji yameisha," akaendelea hadi mwisho, nami nilimfuata kwa kidole kwenye ukurasa wangu. Hakukosea neno. Alikuwa amelisikia mara moja tu, miaka zaidi ya ishirini iliyopita, akiwa kwenye kochi.

Mkono ulipita, picha ikaendelea. Nyuma, Mama Wangeci akanong'ona kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Na huyo mtoto maskini ni wa nani?"

"Ni mimi," Baba Imani akasema. "Ila mmetazama nzi. Hamkuona mkono." Akanigeukia, akaniomba nirudishe nyuma kidogo, na akawaambia walioketi mbali wasogee.